Jibu Linapoanguka Chini ya Matarajio: Kompyuta, Sataranji na Bao Letu

Mhadhara uliotolewa Ukunda, Kaunti ya Kwale



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta na michezo ya akili. Uwanja huo ni mpana, nami nimeamua kuchimba mahali pamoja tu. Kama mashine inaweza kumshinda binadamu ni swali lililokwisha jibiwa, na sina la kuongeza. Ninachotaka tukitazame ni hiki: programu ya sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita shuleni, huanza kutafuta ikiwa na matarajio yake. Matarajio hayo yakivunjika kwa upande wa chini, programu hupata jibu la aina ya pekee. Huambiwa kwamba hali ni mbaya kuliko ilivyodhani, lakini haiambiwi ni mbaya kiasi gani, wala haiambiwi ifanye nini. Watengenezaji wa programu hizi wamelishughulikia jibu hilo kwa miaka zaidi ya 40. Nasadiki kwamba kijana wa pwani hii asiyelielewa vizuri hataweza kuliandikia bao programu ya maana, na kuliandikia bao programu ni kazi ambayo ningependa ifanywe na watu wa hapa.

Tuanze na utafutaji wenyewe. Mnamo 1928 John von Neumann alithibitisha kwa hesabu wazo ambalo kila mchezaji wa bao analo bila kufundishwa: nichague hatua ambayo, hata mwenzangu akinijibu kwa jibu lake bora kabisa, bado itaniacha pazuri. Mwaka wa 1950 Claude Shannon, Mmarekani, alichapisha makala iliyoonyesha jinsi wazo hilo linavyoweza kuwa programu ya sataranji. Kompyuta inapiga hatua zote zinazoruhusiwa, kisha majibu yote, kisha majibu ya majibu, mpaka ifike kina fulani. Hapo inaikadiria hali ya ubao kwa namba, halafu inazirudisha namba hizo juu: zamu yangu nachukua kubwa, zamu ya mwenzangu nachukua ndogo.

Shida ni wingi. Mweupe ana hatua 20 za kuanzia, mweusi ana majibu 20, na mara moja una hali 400. Katikati ya mchezo hatua 30 kwa zamu ni jambo la kawaida. Ukitaka kuona hatua nne tu mbele, mbili zako na mbili za mwenzako, 30 × 30 × 30 × 30 inakupa hali 810,000. Ongeza hatua mbili na umepita milioni 700. Kwa njia hii hata mashine kubwa haifiki mbali.

Kilichoiokoa kazi hii ni kupogoa. Nitaeleza kwa bao, maana wengi wetu tumelijua bao kabla ya kuijua kompyuta.

Una mitaji miwili, yaani hatua mbili za kula, ya kuchagua. Wa kwanza umeupiga akilini, ukafuata majibu ya mwenzio yote, ukaona kwamba hata akijibu vizuri namna gani utabaki umemzidi kete 5. Sasa unaupima wa pili. Jibu la kwanza tu unalolifikiria linakula nyumba yako, shimo lako kuu, na kukuacha nyuma kwa kete 9. Je, kuna haja ya kutazama majibu yake mengine? Hakuna. Huenda analo jibu kali zaidi litakalokuacha nyuma kete 20, lakini halibadilishi chochote, kwa sababu mtaji wa kwanza tayari ni bora. Unauacha wa pili na kuendelea.

Naomba tutulie kidogo hapo, kwa sababu mambo yote ya leo yametoka katika hatua hiyo. Mtaji wa pili hujui una thamani gani. Unajua tu kwamba utakuacha nyuma kwa kete 9 au zaidi. Hiyo 9 ni mpaka. Mtu akiichukua akaiandika kama thamani kamili, ameandika uongo, hata kama uamuzi wake wa kuuacha mtaji huo ulikuwa sahihi.

John McCarthy alilipendekeza wazo hili Marekani katikati ya miaka ya 1950, na katika Muungano wa Kisovieti Alexander Brudno alilifikia kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1963. Mipaka miwili inayobebwa wakati wa kutafuta inaitwa alfa na beta. Alfa ni kile nilichokwisha jihakikishia. Chochote kisichoizidi hakinisaidii. Beta ni kile ambacho mwenzangu amekwisha jihakikishia. Chochote kinachoifikia hataniruhusu nikipate. Nafasi iliyo kati yao ni dirisha. Mwaka wa 1975 Donald Knuth na Ronald Moore walionyesha kwa hesabu faida yake: hatua zikipangwa vizuri, bora ikitazamwa kwanza, zile hali 810,000 zinaweza kupungua hadi 1,799. Jibu la mwisho ni lile lile, bila kupoteza chochote. Sijui wazo jingine katika taaluma hii lililotoa faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Sasa tuingie kwenye matarajio. Programu ya leo haitafuti kina cha 20 kwa mara moja. Hutafuta kina cha 1, kisha cha 2, kisha cha 3, na kila mara hutumia matunda ya kazi iliyotangulia. Ikifika kina cha 15 tayari inayo namba ya kina cha 14. Tuseme ni +42, yaani karibu nusu ya askari mmoja kwa faida yangu, maana programu hizi huhesabu kwa sehemu za mia za askari. Mtengenezaji anajiuliza: kwa nini nianze kina cha 15 kana kwamba sijui lolote, dirisha likiwa wazi kutoka kushindwa kabisa mpaka kushinda kabisa? Jibu jipya huenda likawa jirani na +42. Basi naliweka dirisha kati ya 17 na 67, robo ya askari kila upande. Dirisha likiwa jembamba hivyo, kupogoa kunaongezeka sana na kazi inakwenda mbio.

Hii ni kamari, lakini kamari ya mtu anayejua anachofanya. Jibu likianguka ndani ya dirisha, ni jibu kamili, na umelipata kwa bei nafuu. Likipita juu ya 67, kuna hatua iliyo nzuri kuliko ulivyotarajia. Likianguka kwenye 17 au chini yake, umepata lile jibu la pekee nililolitaja mwanzo.

Mtu anaweza kudhani kuanguka chini na kupita juu ni mambo mapacha, moja la furaha na jingine la huzuni. Si hivyo. Ili kuthibitisha kwamba hali ni nzuri kuliko beta, inatosha kupata hatua moja iliyo nzuri. Ukiipata, kazi imekwisha na hatua unayo mkononi. Ili kuthibitisha kwamba hali haiizidi alfa, ni lazima ujaribu kila hatua, moja baada ya nyingine, na zote zikatae. Ni kazi kubwa zaidi. Na ukiimaliza, hujabaki na hatua yoyote. Kila moja imerudi na jibu la aina moja: haizidi 17. Kati yao inaweza kuwepo iliyo na 16, na iliyo na hasara ya malkia mzima, na iliyofungwa mfalme katika hatua tatu. Ukiwa umesimama nje ya dirisha huzioni tofauti.

Hapa ndipo wanaojifunza huharibu. Programu imeanguka chini katika kina cha 15, muda wa kufikiri umekwisha, ni lazima icheze. Mwandishi wa programu ameagiza kwamba ichezwe hatua yenye namba kubwa kuliko zote katika orodha. Namba zote ni mipaka, na mipaka haishindanishwi kama thamani. Hatua yenye mpaka wa 15 inaweza kuwa mbovu mara kumi kuliko yenye mpaka wa 3. Ya kwanza ilikatwa mapema tu. Programu ya namna hiyo hucheza vizuri siku nyingi, kisha siku moja, katika wakati mgumu kuliko wote, hutupa kipande chake bila sababu yoyote inayoonekana.

Stockfish, programu ya bure ambayo kijana yeyote anaweza kuiweka kwenye simu yake, ina njia safi ya kulikwepa hilo. Ilianza mwaka 2008 kutoka programu ya awali ya Tord Romstad wa Norwei, na maandishi yake yote yako wazi kwa yeyote kuyasoma. Katika orodha ya hatua za mwanzo, hatua iliyokuwa bora katika kina kilichotangulia ndiyo inayojaribiwa kwanza, na namba yake huandikwa. Nyingine zote, zisipoizidi alfa, huwekewa namba ya chini kabisa inayowezekana, zote sawa. Yaani programu inakataa kujidai inajua lolote juu yao. Halafu orodha hupangwa kwa namna ambayo zilizo sawa hazibadilishani nafasi. Kwa hiyo bora ya jana inabaki kileleni mpaka ithibitishwe kwamba kuna nyingine inayoishinda. Ni mistari michache tu ya maandishi, na nimewaona wanafunzi wakiipita bila kusimama. Nawaomba msimame hapo.

Baada ya kuanguka, dirisha lazima lifunguliwe upya. Njia ya zamani ilikuwa kulifungua lote, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na kuanza tena. Inafanya kazi, lakini inapoteza faida yote. Hapa kuna mchango wa John Fishburn wa miaka ya mwanzo ya 1980. Desturi ilikuwa kwamba programu ikianguka chini ya 17, irudishe 17 yenyewe. Fishburn alionyesha kwamba mara nyingi utafutaji unajua zaidi ya hapo. Kama kila hatua ilikataliwa na iliyopata namba ya juu kuliko zote ilipata −8, basi irudishwe −8. Bado ni mpaka, si thamani, lakini ni mpaka ulio karibu zaidi na ukweli, na gharama yake ni karibu bure. Dirisha jipya linajua lishuke mpaka wapi.

Stockfish, katika matoleo yake mengi, hufanya jambo jingine ambalo mtu halitarajii: inaposhusha alfa, huishusha na beta pia, hadi katikati ya dirisha la zamani. Kwa nini kuuvuta upande wa juu wakati ulioanguka ni wa chini? Kwa sababu ushahidi umeonyesha jibu liko chini, na nafasi ya juu isiyohitajika ni gharama. Na kila ikianguka tena, upana wa dirisha huongezeka, ili isije ikashuka ngazi moja moja bila kufika.

Kuna nyakati jibu huanguka chini, unafungua dirisha kwenda chini, unatafuta tena, na safari hii linapita juu. Mara ya kwanza tuliambiwa halizidi 17. Mara ya pili tunaambiwa limefika 17 na kuzidi. Kwa hesabu tupu ya Knuth na Moore hilo haliwezekani. Kwa programu halisi hutokea, kwa sababu programu hukumbuka hali ilizokwisha kuziona katika jedwali kubwa la kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hubadilika kati ya utafutaji mmoja na mwingine. Tena mbinu nyingine za kupogoa huamua kwa kuitazama mipaka yenyewe, na mipaka imebadilika. Dawa yake ni ya kawaida: kuwa na subira, kupanua, kurudia. Lakini jedwali hilo lazima liandikwe kwa uaminifu. Kila namba inayowekwa humo inapaswa kuwa na alama pembeni: hii ni thamani kamili, hii ni mpaka wa juu, hii ni mpaka wa chini. Jedwali lisilo na alama hizo ni bora lisiwepo.

Jambo la mwisho katika mbinu hizi ni muda. Nitaliendea kwa kisa kinachojulikana dunia nzima.

Mei 1997, New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikutana na Deep Blue, mashine ya IBM iliyotengenezwa na Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joseph Hoane. Mashine hiyo iliweza kupima hali kama milioni 200 kwa sekunde. Kasparov alishinda mchezo wa kwanza. Mchezo wa pili ulichezwa tarehe 4 Mei, na katika hatua ya 36 mashine ilikuwa na nafasi ya kumwingiza malkia wake ndani ya kambi ya mweusi na kuokota askari. Hiyo ndiyo hatua iliyokuwa ikiipenda. Kila aliyetazama alijua kwamba kompyuta hupenda kula. Ila kadiri utafutaji ulivyokwenda chini zaidi, thamani ya hatua hiyo ilianza kushuka. Mweusi angetoa askari wale ili afungue njia za vipande vyake, na faida ingeyeyuka.

Deep Blue ilikuwa imewekewa vipimo viwili vya muda. Cha kwanza kilikuwa cha kawaida kwa kila hatua. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi, na kilitumika pale tu utafutaji ulipoonyesha dalili za hatari, dalili kubwa ikiwa ni thamani kuporomoka. Muda wa kawaida ulipokwisha katika hatua ile ya 36, mashine haikucheza. Iliingia kwenye muda wa pili na kuendelea kutafuta, na mwishowe ikamwacha malkia alipokuwa, ikabadilishana askari upande wa kushoto, na katika hatua iliyofuata ikamweka askofu wake katikati, ikaufunga mchezo wote wa mweusi. Kasparov alishtuka. Aliona mkono wa binadamu ndani ya mashine, akadai kuonyeshwa kumbukumbu za utafutaji. Kumbukumbu zilipokuja kutolewa hazikuonyesha mkono wa mtu yeyote. Zilionyesha programu iliyokataa kucheza kwa haraka ilipopata habari mbaya.

Kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo mimi huiona nzito kuliko ya kwanza. Kasparov alikubali kushindwa mchezo huo baada ya hatua ya 45 ya mweupe. Siku iliyofuata wachambuzi walionyesha kwamba alikuwa na njia ya kumfukuza mfalme mweupe kwa vitisho mfululizo na kudai sare. Yeye hakuitafuta. Aliamini kwamba mashine iliyocheza hatua kama ile ya 37 haiwezi kuacha mwanya wa namna hiyo. Alijua kwamba hali yake ilikuwa chini, akalichukua lile "chini" kama namba kamili. Shindano lilimalizika tarehe 11 Mei, Deep Blue ikiwa na pointi 3.5 na Kasparov 2.5. Baada ya mchezo ule hakushinda tena mchezo hata mmoja dhidi yake.

Miaka 20 kabla ya hapo, Toronto, Kanada, mwaka 1977, palitokea kisa cha upande wa pili. Yalikuwa mashindano ya pili ya dunia ya programu za sataranji. Kaissa, programu ya Moscow iliyokuwa imeshinda mashindano ya kwanza Stockholm mwaka 1974, ilicheza na Duchess kutoka Marekani. Malkia mweupe alifika pembeni na kumtishia mfalme mweusi. Mfalme angeweza kusogea hatua moja mbele. Badala yake Kaissa iliiweka ngome yake katikati, ikaliwa bure. Ukumbi mzima uliona ni kosa la wazi. Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, alikuwepo, naye aliona vivyo hivyo. Mchezo ulipokwisha programu iliulizwa ingekuwaje kama mfalme angesogea. Ikaonyesha: malkia mweupe angejitoa mhanga, mfalme angelazimika kumla, askofu angetishia, na ngome ya mweupe ingeshuka mpaka mstari wa mwisho na kumfunga mfalme.

Kaissa ilikuwa mahali ambapo kila hatua ni mbaya. Kwa anayesimama kwenye mpaka, kupoteza ngome na kupoteza mfalme ni kitu kimoja: vyote viko chini ya matarajio. Ni kwa kushuka mpaka chini kabisa, na kupata thamani kamili ya kila ubaya, ndipo programu ikaweza kuutenganisha ubaya unaovumilika na ule usiovumilika. Lazima niongeze kwamba si kila programu inayotoa ngome ina sababu nzuri. Hans Berliner alieleza mapema miaka ya 1970 jinsi programu inayoona hasara mbele hutupa vipande vidogo ili kuisukuma hasara hiyo nje ya upeo wake. Inajiona imeiepuka, kumbe imeiahirisha tu, na imelipa kwa kuiahirisha. Mtengenezaji anapoona programu yake imeanguka chini kisha mara moja imejinasua kwa kutoa askari mmoja, asifurahi kabla ya kutafuta hatua chache zaidi.

Sasa turudi nyumbani, kwenye bao.

Bao la Kiswahili limechunguzwa na wataalamu wa kompyuta, lakini mbali na hapa. Alex de Voogt, Mholanzi, alikaa na mabingwa wa Unguja na mwaka 1995 akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa utafiti juu ya umahiri wao. Kisha Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, wa Chuo Kikuu cha Maastricht huko huko Uholanzi, waliandika mwaka 2002 juu ya kulitengenezea bao programu, na Donkers akalitumia tena bao katika tasnifu yake ya 2003 kuchunguza jinsi programu inavyoweza kumfikiria mpinzani. Kazi hizo ni nzuri na ninaziheshimu. Ni vigumu kuridhika, hata hivyo, kwamba mchezo unaopigwa kwenye baraza za Vanga na Msambweni ulilazimika kwenda Maastricht ili uingie kwenye kompyuta.

Ukichukua mbinu za sataranji na kuziweka kwenye bao bila kubadilisha kitu, zitakukwamisha, na zitakukwamisha hasa kwenye hili la matarajio. Katika sataranji hatua moja hula kipande kimoja tu, hivyo namba ya kina cha 14 ni shahidi mzuri wa namba ya kina cha 15. Bao si hivyo. Kete ni 64. Mwanzoni kila mchezaji ana 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Hata kabla kete za mkononi hazijaisha, namua moja inaweza kula, kete zilizoliwa zikaingizwa kichwani, zikapigwa, zikaishia kwenye shimo lenye kete na la mpinzani mbele yake, zikala tena, zikafika nyumba, mchezaji akaamua kusafiri, na safari hiyo ikazunguka ubao mara mbili. Anayetazama tu hapotezi hesabu. Anayejaribu kutabiri hupotea. Mchezaji aliyekuwa mbele kwa kete 6 anaweza kujikuta nyuma kwa 14 kwa zamu moja.

Kwa hiyo dirisha la kete 2 kila upande halitadumu. Programu itaanguka chini au itapita juu karibu katika kila kina, na muda wote utaliwa na kurudia. Nionavyo mimi, mwenye kuandika programu ya bao aanze na dirisha pana, lifuate hali ya mchezo: pana sana wakati wa kunamua nyumba zote mbili zikiwa bado zimejaa, jembamba zaidi baada ya nyumba kuvunjwa na kete kutawanyika. Tena asikadirie kwa wingi wa kete peke yake. Mchezaji anashindwa mstari wake wa mbele ukibaki mtupu, au akikosa cha kucheza, na mwenye kete nyingi zilizolala nyuma anaweza kuwa karibu na kushindwa kuliko mwenye chache. Kutakatiwa, ambako mpinzani anakubana usiwe na mtaji wala nafasi ya kutakasa, yaani kucheza bila kula, unavyotaka, hakuonekani kabisa katika hesabu ya kete.

Kuna tatizo jingine ambalo sataranji hailijui. Mtaji mmoja unaweza kuzunguka bila mwisho. Mchezaji aliyekaa barazani hupumzisha mkono na wenziwe wakakubaliana. Mashine haichoki, itapiga kete mpaka umeme ukatike. Lazima iwekewe kikomo, tuseme idadi fulani ya kete zilizopigwa. Ikifika kikomo bila mtaji kumalizika, irudishe nini? Hapa anayefahamu mambo ya leo atakuwa na jibu tofauti na asiyeyafahamu. Asiyefahamu atarudisha hesabu ya kete kama zilivyo wakati huo, na itaingia jedwalini kama ukweli. Anayefahamu ataiwekea alama kwamba haikukamilika, na hataruhusu hatua yenye alama hiyo ichaguliwe dhidi ya iliyohesabiwa mpaka mwisho.

Vijana wenye simu na kompyuta, hamhitaji mashine ya kupima hali milioni 200 kwa sekunde. Anzeni na ubao wenyewe: mashimo 32, kete 64, sheria za namua na za mtaji zikiandikwa kikamilifu, pamoja na kichwa na kimbi na haki zote za nyumba. Wekeni sheria hizo mbele ya wazee wanaozijua, maana kuna tofauti kati ya baraza na baraza, na programu inayocheza sheria ya Unguja haitakubalika Shimoni mahali ambapo watu wanacheza vingine. Kisha andikeni utafutaji rahisi, bila dirisha lolote, wa kina cha hatua tatu. Hifadhini majibu yake. Ndipo mwongeze kupogoa, na kila mara mlinganishe: majibu lazima yawe yale yale kwa kila hali, hata moja isitofautiane. Halafu dirisha la matarajio, na mlinganishe tena. Ikitokea tofauti, msiende mbele. Mara nyingi mtakuta ni mpaka ulioandikwa kama thamani.

Na programu ikishaanza kucheza, kaeni nayo pamoja na mchezaji hodari, na kila inapoanguka chini mwacheni yeye aitazame hali hiyo kabla ya kuitafuta tena. Atawaonyesha mtaji gani wa mpinzani aliuona mapema na programu haikuuona. Mambo hayo yaandikwe, kwa tarehe na kwa mpangilio wa kete shimo kwa shimo, kwa sababu ndiyo yatakayowafundisha namna ya kukadiria. Maastricht hawakuwa na baraza ya kuyaokota. Sisi tunayo, na waliobobea bado wako hai na wanacheza alasiri hii hii.